Kikapu cha Ghorofa ya Tatu

Kikapu kilishuka kikiyumbayumba, kikagonga bati la kibaraza, kikatua mbele ya cherehani. Ndani mlikuwa na nyanya moja tu.

"Fundi!" Sauti ilitoka dirisha la ghorofa ya tatu. "Mwambie huyo muuza mboga, nyanya yake ina jeraha. Niliagiza mboga, sikuagiza mgonjwa mwenzangu!"

Fundi cherehani, mama mmoja mnene mwenye maneno yake, alibana kicheko. Chini ya bati, amejibanza ukutani asionekane kutoka juu, muuza mboga naye alikuwa anacheka kimya kimya.

"Huyo ndiye mama yangu," alinong'ona. "Alivunjika mguu, mdomo ukabaki mzima."

Maana hakuwa muuza mboga hata kidogo. Alikuwa mtoto wake wa pekee, fundi umeme, mtu mzima na kipara chake. Miezi saba nyuma aligawa kiti cha marehemu baba yake bila kuuliza, akidhani ni takataka kwa vile kilishabaki na miguu mitatu. Bi mkubwa akaapa, jengo zima likisikia: "Kuanzia leo, sili kitu kilichotoka mkononi mwako!"

Wiki tatu baadaye akateleza, mguu ukavunjika. Kutoka mlangoni kwake hadi barabarani ni ngazi arobaini na sita, moja moja. Mwana alipanda na mfuko wa matunda. Mfuko ulirudishwa, na aliyeubeba naye akarudishwa.

Hapo ndipo fundi cherehani alipoleta wazo la kikapu na kamba. Bi mkubwa angeteremsha pesa na maagizo, na "muuza mboga mmoja mgeni" angejaza. Tangu siku hiyo mwana alipitia kila asubuhi kwa akina mama wanaolima kando ya mto, akachagua mchicha ungali na umande, bamia changa, mapapai yaliyoiva hadi kunukia.

"Siku akijua ni mimi," alimwambia fundi, "atafunga dirisha, afe na njaa. Unamjua. Akisema, kasema."

"Namjua. Na wewe ni mtoto wa tumbo lake hasa. Neno moja tu, samahani, limekushinda miezi saba."

Hilo mwana alijifanya hakulisikia. Akageuza karoti.

Mambo yalikwenda. Bi mkubwa alinawiri, na matusi yake kwa mboga yakanawiri naye. Siku nyingine kikapu kilishuka na viazi vya kukaanga ndani ya karatasi, "vya huyo muuza mboga, asije akaanguka na njaa kwenye vibaraza vya watu." Havikuwa na pilipili hata chembe.

"Bahati yangu," mwana alisema akitafuna. "Pilipili na tumbo langu ni maadui toka utotoni."

Ikaja asubuhi ya mafua. Mwana alikuwa anapanga tangawizi na malimau kikapuni, pua ikaanza kuwasha. Akaiminya. Akatazama juu, akatazama chini. Wapi! Zikamtoka chafya tatu mfululizo, ya mwisho na mlio kama geti la chuma. Ilikuwa chafya ya marehemu baba yake hasa, ile iliyokuwa ikiamsha watoto wachanga wa jengo zima.

Mara kamba ikavutwa mbio mbio, kikapu kikapotea, na dirisha likafungwa, pa!

Mwana alijiketisha juu ya furushi la vitambaa. "Basi. Nimemuua mama yangu kwa chafya."

"Acha upuuzi. Nitasema ni mteja wangu." Fundi alivua futi ya kupimia shingoni, akajifunga kanga vizuri, akaanza kupanda.

Alipofika ngazi ya arobaini na sita hakuwa na pumzi wala uongo. Wote alioutunga ulikuwa umebaki ghorofa ya pili. Hata hodi ilimshinda, akausukuma mlango tu.

Mkongojo ulikuwa umelazwa juu ya viti viwili, umeanikwa nguo. Jikoni tangawizi ilikuwa inachemka. Na bi mkubwa mwenyewe alikuwa juu ya kigoda, amesimama kwa ncha za vidole vya miguu yote miwili, anatoa chupa ya chai kwenye rafu ya juu kabisa.

"Shikamoo ma..." Fundi alinyoosha kidole. "Mama! Mguu!"

"Marahaba, na upunguze sauti, atakusikia." Bi mkubwa alishuka kigodani kama msichana, akamimina tangawizi kwenye chupa, akakamua limau, akakaza kifuniko. "Na wewe nawe, mtu ana mafua yale unamkalisha kwenye upepo! Hata gunia la kujifunika hukumpa?"

"Kumbe unajua ni nani? Na kile kiapo?"

"Niliapa kutokula cha mkononi mwake. Kikapu si mkono."

Fundi alijishika kiuno, akautazama ule mguu kuanzia goti hadi kidole gumba, kama anayepima suruali. "Umepona lini?"

"Huu ni mwezi wa tatu sasa." Bi mkubwa alifungua dirisha, akaweka chupa kikapuni, akaanza kuachia kamba taratibu, taratibu. "Lakini nikishuka sokoni mwenyewe, mwanangu atakuja kila asubuhi kwa kisingizio gani?"