Ukuta wa Serikali

Kila nyumba hapa Tukuyu huiachia serikali ukuta mmoja wa sebule. Haupakwi rangi wala haupigiliwi msumari, kwa sababu hapo huota majani laini waliyotuletea watafiti wa kituo cha serikali, nayo huchanua nyuma ya mtu ambaye mapafu yake yameanza kuugua. Yakichanua, habari hufika kituoni, na siku ya tatu muuguzi hubisha hodi na dawa, bila kuitwa. Majani yalimwona mume wangu kabla hajakohoa hata mara moja. Leo yuko shambani analima.

Lakini siku ya posa ya binti yangu Atuganile niliona aibu wageni wapimwe kama wako zahanati. Nikaufunika ukuta kwa vitenge viwili vipya.

Mshenga alikaa dirishani. Mchumba mwenyewe, Ambakisye, alikaa akiupa mgongo ukuta ule. Hata salamu hazijaisha, kitenge kikatuna nyuma ya kichwa chake, na maua meupe yakapenya katikati ya nyuzi, madogo kama chembe za mchele, mamia kwa mamia. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

"Mama, nyumba yenu inanukia," alisema Ambakisye. Kwao kuta hizi hazijafika.

"Hamia kiti cha mwisho, mwanangu. Hapo pana baridi."

Akahama. Tukatazama kitenge kikituna taratibu, kikimfuata.

Atuganile aliingia na chai, akaona. Akaweka sinia chini, akavivua vitenge vyote viwili, kisha akaketi kando ya Ambakisye, chini ya maua.