Mwanamke wa Sketi Nyekundu

Mlinzi wa lango la kasri la Vaurenard alipekua kikapu tu. Udongo Perrine alikuwa ameuficha kifuani, umefungwa kwenye kitambaa.

"Siku mbili kwa miguu, kuja kutazama picha?" Aubin, mtunza funguo, alicheka. "Wenzako huja kuomba mkate, binti."

"Mkate ninao, bwana. Nionyeshe picha."

Udongo ulitoka kwenye kaburi la mama yake, Colombe. Colombe alizaliwa hapa, enzi pakiwa kijiji. Mfalme alipotaka bustani, nyumba zilibomolewa na makaburi yakasawazishwa, likiwemo la Blaise, mwana wa kwanza wa Colombe. Colombe akaomba kibarua cha kupalilia bustani hiyo. Yeye peke yake alijua mtoto alipolala. Siku alipokutwa amepanda ua la porini katikati ya nyasi za mfalme, alifukuzwa, asikanyage tena.

Lakini mzee Gervais, mchoraji, alikuwa akimwona kila asubuhi amepiga magoti mahali palepale. Hakumuuliza kitu. Alimchora humo humo katika picha ya kasri, mdogo kama punje ya mchele, na sketi yake nyekundu. Akamwita aione kabla rangi haijakauka.

"Mtafute mwanamke wa sketi nyekundu," Colombe alimwambia Perrine siku ya mwisho. "Alipopiga magoti ndipo alipo kaka yako. Mpelekee udongo wa kaburi langu."

"Mzee Gervais yu hai?" Perrine aliuliza wakipanda ngazi.

"Tulimzika majira ya baridi. Mfalme alimkondesha yule mzee, lazima kila kitu cha kushoto kiwe na mwenzake kulia!" Aubin alisimama dirishani. "Pale palikuwa na mwaloni wa miaka mia tatu. Aliukata kwa sababu upande wa pili haukuwa na mwenzake. Mimi na jicho langu moja, nikisikia anapita, najificha."

Alifungua mlango. Picha ilijaza ukuta mzima: kasri, mabwawa, njia zilizonyooka kama uzi. Perrine alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akamwona, kushoto kwa chemchemi, kando ya ua wa tatu wa michongoma. Akahesabu tena nyua, asije akakosea, mkono ukiwa kifuani.

Kisha macho yake yakavuka chemchemi. Kulia, kando ya ua wa tatu wa michongoma, mwanamke wa sketi nyekundu alikuwa amepiga magoti.