Furu wa kwenye Chupa

Ng'washi alimtoa furu kwenye beseni la maji, akapitisha kidole gumba juu ya meno ya samaki huyo mdogo, akacheka.

"Huyu siyo ndugu wa huyo wa kwenye chupa yako, mwanangu. Ni yeye mwenyewe."

Mtaalamu wa samaki aliitazama tena chupa yake. Ndani alielea furu aliyevuliwa miaka ishirini nyuma, kabla sangara, wanaokula furu, hawajajaa ziwani. Kwenye orodha ya samaki wa ziwa hilo ameandikwa: ametoweka.

"Mama, furu wote wanafanana."

"Kwako. Mimi nawaparua na kuwaanika hapa Igogo tangu nina meno ya utoto. Hawa waliobaki wana meno laini. Huyu anakwaruza kama msasa. Gusa."

Mtaalamu aligusa. Haraka akafungua chupa nyingine, isiyo na samaki, harufu ya dawa ya kuhifadhia ikawachoma pua.

Ng'washi hakumpa samaki. Aliingia naye ziwani mpaka magotini, akambonyeza taya taratibu. Ndani ya mdomo yakachungulia macho ya watoto aliowabeba humo, meusi, madogo kama punje za ulezi.

Akafungua kiganja. Samaki na wanawe wakapotelea kwenye mawe.

"Sasa nitaandika nini?"

"Andika yupo," alisema Ng'washi, akijifuta mikono kwenye kitenge. "Na uandike ni nani aliyekuambia."