Jasho la Mwokaji

"Funga na dirisha," alisema mke wa mwokaji, akatupa blanketi la tatu juu ya mumewe.

Ilikuwa mchana wa jua kali, chini ya bati. Mwokaji aliletwa akiwa amebebwa mgongoni na mwenzake wa kazini, mwili unachoma, mdomo unabwabwaja habari za mikate inayoungua. Ngozi yake ilikuwa kavu kabisa.

"Feni ya pale kazini imekufa tangu juzi," alieleza mwenzake, amesimama mlangoni na unga kwenye nyusi. "Asubuhi alilowa kama sisi wote. Halafu jasho likamkauka. Tukamtania, tukasema huyu sasa kalizoea tanuri. Akacheka. Mara tukasikia puu!"

"Homa hiyo," mke alikata shauri. Kwao jambo hilo halikuwa na mjadala. Mama yake aliwatibu hivyohivyo watoto wake wote: mgonjwa hufunikwa gubigubi mpaka atokwe na jasho, na jasho likitoka, homa imekwisha. Na nani angebishana na mwanamke ambaye midomo ilikuwa inamtetemeka?

Mwenzake akarudi kazini, mikate ilikuwa bado motoni. Wakabaki mke na wifi yake, dada wa mgonjwa.

"Wifi, tumpeleke hospitali," alisema dada mtu.

"Akitoka jasho tutampeleka. Saa hizi upepo utamwingia."

"Basi tumpepee kidogo."

"Unataka kumuua kaka yako?"

Wifi akamtazama mke aliyelowa chapachapa. Mtu mwenye hofu hujaribu utani. "Mgonjwa hana hata tone la jasho, wewe ndiye unayeiva."

Mke hakucheka. Alipiga magoti, akamwinamia mumewe, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwita kwa jina la siku za uchumba wao. Alimpenda mno, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomzidishia mablanketi.

Baadaye mwokaji akaacha kubwabwaja. Akatulia.

"Kapata usingizi," mke alinong'ona. "Mungu mkubwa."

Wifi akatoka uani kuchota maji ya kunywa. Hata ndoo haijajaa, yowe likamrudisha mbio. Lilikuwa yowe la furaha.

"Njoo uone! Ametoka jasho! Wifi, ametoka jasho!"

Kweli, paji la uso la mwokaji liling'aa. Matone yalikuwa yanamteremka hadi masikioni. Mke alikuwa bado amemwinamia, analia na kucheka kwa pamoja.

Wifi akaketi kitandani, akamfuta kaka yake polepole kwa ncha ya shuka. Paji likakauka. Akasubiri jasho jingine litoke.

Tone la jasho likadondoka kutoka kidevuni mwa mke, likaingia kwenye jicho la mwokaji, ambalo halikuwa limefumba vizuri. Jicho halikupepesa.