Jina Juu ya Keki

Ukutani kwa Bi Chausiku, mwoka keki, palibandikwa tangazo zito kama la mahakama: ODA ZA HARAKA HATUPOKEI. Hakuna mteja aliyewahi kulitii. Ilibaki nusu saa keki ya harusi ije kuchukuliwa, bibi harusi mwenyewe akaingia, mikono juu kama aliyekamatwa, hina bado mbichi.

"Mama, nifutie jina moja."

"Lako au lake?"

"Lake."

"Mwanangu, sasa hivi? Kwa nini usimwambie baba yako?"

"Nimejaribu tangu juzi, mdomo haufunguki. Keki ikifika hivyo, atanielewa."

Bi Chausiku alilitazama tangazo lake, akavuta pumzi, akachukua kisu. Akalikwangua jina la Shomari polepole, herufi moja moja, kama anayemtoa mtoto mwiba.

"Hapa niandike nini?"

"Paache hivyo hivyo."

Binti hakuweza kushika kitu, basi Bi Chausiku akamlisha ile krimu aliyoikwangua kwa kijiko. Akaila yote.

Honi ikalia nje. Bi Chausiku akainua kifuniko cha boksi, akakishikilia juu ya keki, akimtazama binti.