Kimo cha Mbwana

Mashine ya mochwari ilipima uso wa maiti, kidevu hadi paji, ikatangaza kimo chake: futi sita. Kisheria, ndugu anayepinga kipimo hicho hakabidhiwi maiti.

"Ni Mbwana, mume wangu," Mwatime alisema kwa sauti iliyochoka. "Ana uso mrefu tu. Akisimama ananifikia begani."

"Basi si wako, mama," mhudumu alijibu, kisha akamnong'oneza: "Sema alikuwa mrefu, ukamzike."

Akasema.

Alasiri wachimba kaburi wa manispaa walifika nyumbani kuuliza kimo cha marehemu. Binti yake akainua mkono kuwaonyesha. Mwatime akaushika, akaupandisha taratibu hadi juu ya mlango.

"Hapo," aliwaambia.

Binti akasubiri waondoke.

"Mama, tunamzika nani?"