Kibao cha Kapteni Haldenby

"Kabla hamjabomoa, ng'oeni kwanza hicho kibao!"

Masolwa alisimama mbele ya tingatinga, fimbo juu. Nyuma yake ilikuwa nyumba ya magogo ya mkurungu, ya mwisho iliyobaki Isevya. Babu wa babu yake na wapagazi wenzake waliijenga, kwa mabega yaleyale yaliyobeba pembe za ndovu za wengine hadi pwani. Kila aliyerudi hai alichanja alama moja kwenye gogo la mlango. Alama zilikuwa arobaini na moja. Waliotoka walikuwa mia.

Miaka ishirini Masolwa aliziandikia ofisi barua kuhusu alama hizo. Hakujibiwa hata moja. Leo walimjibu kwa tingatinga: yajengwe maduka.

Julieth, afisa wa mambo ya kale, alishuka garini na faili lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Soma hapo."

Akasoma juu ya mlango: *Hapa alilala Kapteni Haldenby, msafiri, 1883.*

Miwani ilimteleza. "Mbona kwenye faili hayumo?"

"Mtamjulia wapi? Kalala siku moja, kapewa kibao! Waliombeba, je? Nani anawajua? King'oeni nikichome, halafu bomoeni mpendavyo!"

"Thubutu!" Julieth akakikinga kibao kwa faili. "Unajua watalii watakaokuja hapa? Na tazama, maandishi hayajapauka hata kidogo."

"Wazungu wana rangi nzuri," Masolwa alinung'unika.

Revocatus, dereva wa tingatinga, akachungulia. "Bosi, nizime?"

"Zima! Ukigusa gogo moja tu, kazi hatuna, mimi na wewe. Nyumba hii haibomolewi, naandika sasa hivi."

"Masolwa leo kapigwa na marehemu!" akapiga kelele Tatu, muuza mihogo wa jirani. Mtaa mzima ukaangua kicheko, wengine wakishikana wasianguke.

Masolwa alitema mate, akamlaani Haldenby na ukoo wake wote mpaka tingatinga lilipokata kona.

Kisha akaingia ndani. Akazipapasa alama zote arobaini na moja, polepole, kama anayeamkia wakubwa. Nyuma ya mlango akainama, akachomoa brashi yenye rangi mbichi kutoka kwenye kopo, akalifunika vizuri isikauke. Ubavuni pa kopo palichapwa kwa herufi nyekundu: *Haldenby, Rangi Bora ya Mbao.*